Pawa Saplai Kongwe ya Kompyuta: Ibadilishwe Lini?

Chanzo cha mkanganyiko

Pawa saplai, yaani kile kisanduku cha chuma chenye feni kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta ya mezani, ndiyo sehemu ya mashine inayotolewa ushauri unaopingana kuliko sehemu nyingine yoyote. Mwenye kompyuta iliyotimiza miaka minane huambiwa na fundi mmoja kwamba kisanduku hicho kiondolewe mara moja kabla hakijaunguza mazabodi, ilhali fundi wa pili, mwenye kibanda mtaa huohuo, humhakikishia kwamba maadamu kompyuta inawaka hakuna sababu ya kutupa fedha. Wote wawili husema kwa uhakika, wote wana visa vya kuthibitisha wanachosema, na wote wana sehemu ya ukweli.

Mkanganyiko huo unazidishwa na jambo lingine. Mwongozo mwingi ulioandikwa kuhusu suala hili umeandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi katika nchi za baridi, wenye umeme usioyumba na maduka yanayouza vifaa vipya vyenye dhamana ya miaka mingi. Katika miji ya Afrika Mashariki sehemu kubwa ya kompyuta za mezani zilizomo katika shule, ofisi ndogo na maduka ya steshenari ni za mtumba, zilizokwisha kutumika miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba kabla ya kufika Dar es Salaam au Mombasa, kwa hiyo mnunuzi hajui zilifanya kazi kwa saa ngapi wala katika joto gani. Ushauri unaofaa kule haupaswi kuhamishiwa huku bila kuchujwa.

Kazi ya pawa saplai na namna inavyozeeka

Umeme unaofika kwenye soketi ni wa mkondo geu, yaani mkondo unaobadili mwelekeo wake mara nyingi kwa sekunde, na katika ukanda huu huja kwa volti 230 hadi 240. Sakiti za kompyuta haziwezi kutumia umeme wa namna hiyo. Zinahitaji mkondo mnyoofu wa volti ndogo, hasa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kwa mujibu wa kiwango cha ATX, kilichotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, volti hizo zinaruhusiwa kupotoka kwa asilimia 5 tu, juu au chini, kwa hiyo njia ya volti 12 inapaswa kubaki kati ya 11.4 na 12.6. Kiwango hicho kinaweka pia mpaka wa viwimbi, yaani mitikisiko midogo ya haraka inayosalia baada ya mkondo kunyooshwa, ambayo haipaswi kuzidi milivolti 120 katika njia ya volti 12 na milivolti 50 katika njia za volti 5 na 3.3.

Kinachozeeka zaidi ndani ya kisanduku hicho ni kapasita za elektroliti, ambazo ni vikopo vidogo vyenye kimiminika, na kazi yake ni kuhifadhi chaji na kulainisha viwimbi. Kimiminika hicho hukauka polepole, na joto huharakisha ukaukaji wake kwa kiasi ambacho wahandisi hukikadiria kwa kanuni nyepesi: joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, umri wa kapasita hupungua kwa nusu, na likishuka kwa nyuzi 10 umri huo huongezeka maradufu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 inaweza kukadiriwa kudumu saa 32,000 ikiwa inafanya kazi katika nyuzi 65. Katika ofisi inayowasha kompyuta saa nane kwa siku, siku 300 kwa mwaka, saa hizo ni zaidi ya miaka 13. Katika mashine isiyozimwa usiku wala mchana hazifiki hata miaka minne. Kapasita ya bei nafuu iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 85, katika joto lilelile, ingekadiriwa kudumu saa 8,000 tu, ambazo mashine isiyozimwa huzimaliza kabla ya mwaka kwisha.

Hesabu hiyo ni ya makadirio, lakini inatosha kuonyesha kwa nini swali la umri kwa miaka, peke yake, halina jibu. Pawa saplai mbili zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza kutofautiana kwa muongo mzima katika uchakavu, kwa sababu moja ilikaa katika chumba chenye kiyoyozi na nyingine katika chumba kilichokizidi joto kwa nyuzi 10, na tofauti hiyo ya nyuzi 10 ndiyo iliyo kati ya ofisi yenye kiyoyozi na chumba cha kawaida cha Tanga mwezi wa Februari. Zaidi ya joto kuna vumbi linaloziba feni, hewa ya chumvi ya pwani inayokula miguu ya chuma, mende na mijusi wanaopenda uvuguvugu wa kisanduku, pamoja na umeme unaopanda ghafla kila unaporudi baada ya kukatika, ambao humomonyoa varista, yaani kile kipande kidogo kilichowekwa mlangoni ili kufyonza mipando ya namna hiyo.

Ubora wa malighafi una uzito kuliko yote hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita zenye kimiminika kilichotengenezwa vibaya, nyingi zikitoka viwanda vya Taiwan, zilivimba na kuvuja katika vifaa vya watengenezaji wengi duniani, hata kampuni ya Dell ikalazimika mwaka 2005 kutenga dola milioni 300 kwa ajili ya kushughulikia kompyuta zake za OptiPlex zilizoathirika. Nyingi za mashine hizo zilikuwa bado changa.

Msimamo wa kwanza: inayowaka isiguswe

Wanaoshikilia msimamo huu hawaongozwi na ubahili peke yake. Vifaa vya kielektroniki huwa na tabia ya kuharibika zaidi katika miezi ya mwanzo, pale kasoro za kiwandani zinapojitokeza, kisha hutulia kwa muda mrefu kabla ya uzee kuanza kuvipunguza. Pawa saplai iliyovuka miaka mitano bila tatizo imekwisha kupita hatari ambayo mpya bado haijaipita. Tena kuna hatari inayoletwa na ubadilishaji wenyewe. Kompyuta nyingi za mtumba za aina ya OptiPlex, EliteDesk na ThinkCentre hazitumii plagi ya kawaida ya ATX yenye pini 24, bali plagi za pekee za mtengenezaji, na baadhi ya Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na plagi inayofanana kabisa na ya ATX ilhali nyaya zake zimepangwa tofauti, kiasi kwamba aliyechomeka pawa saplai ya kawaida aliunguza mazabodi.

Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba kuwaka si kipimo cha uzima. Kapasita haifi kwa mshindo. Hupoteza uwezo wake kidogo kidogo, na dalili zake hutupiwa lawama mahali pengine. Mfano ulio wazi unahusu UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshika kompyuta umeme unapokatika. UPS ya kawaida ya dukani huchukua takriban milisekunde 4 hadi 10 kuhama kutoka umeme wa ukutani kwenda kwenye betri, na katika mwanya huo kompyuta huishi kwa chaji iliyohifadhiwa katika kapasita kubwa ya pawa saplai, ambayo kiwango cha ATX kilitaka iweze kubeba mzigo kamili kwa milisekunde zipatazo 16. Kapasita ikishazeeka na kubakiza akiba ya milisekunde 5 au 6, kompyuta huweza kuzima umeme unapokatika hata kama UPS ni nzima na betri yake ni mpya. Mwenye mashine hununua UPS nyingine, tatizo likabaki palepale, na pawa saplai, ambayo siku zote inawaka bila shida, haishukiwi kamwe. Inafaa kuongezwa kwamba UPS za bei ya chini zinazotoa mkondo wa umbo la ngazi badala ya wimbi laini hugombana pia na baadhi ya pawa saplai za kisasa, kwa hiyo dalili hiyo pekee haitoshi kutoa hukumu.

Viwimbi vilivyozidi navyo hufanya kazi kwa siri. Kompyuta hujizima katikati ya kazi nzito, faili huharibika, Windows huwekwa upya mara mbili au tatu, RAM hubadilishwa, na mazabodi, ambayo nayo ina kapasita zake, hulazimika kulainisha uchafu ambao haikukusudiwa kuulainisha, ikachakaa kabla ya wakati wake.

Msimamo wa pili: kubadilisha kwa kalenda

Msimamo wa pili huweka muda maalumu, mara nyingi miaka mitano, saba au kumi, na watetezi wake hupenda kukumbusha kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Faida yake ni mpangilio: shule yenye kompyuta 40 inaweza kutenga bajeti mapema, na kazi ikafanyika wakati wa likizo badala ya wiki ya mitihani. Muda huo huegemezwa pia kwenye dhamana za watengenezaji, kwa kuwa kampuni inayotoa dhamana ya miaka 10, au 12 kama Seasonic inavyotoa kwa aina yake ya Prime, inaweka fedha zake rehani kwamba bidhaa itadumu, wakati inayotoa mwaka mmoja imekwisha kueleza imani yake.

Hata hivyo, kalenda haijui saa za kazi wala joto, kama ilivyokwisha kuonyeshwa, na kwa mashine ya mtumba haijui hata pa kuanzia kuhesabu. Upungufu mkubwa zaidi uko kwenye dhana iliyojificha ndani ya msimamo huu, kwamba kipya kinachoingia ni bora kuliko kikongwe kinachotoka. Katika soko lenye bidhaa zenye majina yasiyojulikana dhana hiyo huanguka mara kwa mara. Kisanduku kinaweza kuandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, lakini lebo ya pembeni ikionyesha ampea 18 katika njia ya volti 12, uwezo halisi wa njia hiyo ni volti 12 mara ampea 18, yaani wati 216, na hiyo ndiyo njia inayolisha prosesa na kadi ya michoro tangu kipindi cha Pentium 4 mwaka 2000. Wati nyingine zimejazwa katika njia za volti 5 na 3.3, ambako kompyuta ya leo haizihitaji kwa wingi huo. Kibaya zaidi, baadhi ya visanduku hivyo huondolewa vichujio vya mlangoni na sakiti za kinga, yaani zile zinazozima mkondo pindi volti inapozidi au nyaya zinapogusana. Pawa saplai ya wati 255 iliyotoka na kompyuta ya ofisi ya kampuni yenye jina, hata ikiwa na miaka tisa, ni mlinzi bora kuliko mpya ya aina hiyo, na anayeibadilisha kwa sababu ya miaka yake tu amelipa ili kujiongezea hatari.

Kuna hali moja ambamo ukongwe wenyewe ni hoja halali, nayo ni pale mzigo unapobadilika. Prosesa za Intel za kizazi cha Haswell, zilizotoka mwaka 2013, zilileta usingizi mzito unaotumia mkondo mdogo mno, ambao pawa saplai nyingi za muundo wa zamani hazikuweza kuuhimili bila kuyumba. Na kiwango cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 kilihitajika kwa sababu kadi kubwa za michoro hurusha mahitaji kwa kitambo kifupi hadi maradufu ya uwezo ulioandikwa. Anayeweka kadi mpya yenye nguvu katika mashine ya miaka kumi hana haja ya mjadala wowote kuhusu uzee.

Msimamo wa tatu: vipimo ndivyo viamue

Kimantiki, huu ndio msimamo wenye nguvu: kifaa kipimwe, na kisichofaulu kiondolewe. Tatizo ni kwamba vipimo vinavyopatikana kwa urahisi havipimi kinachotakiwa. Njia maarufu ya kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya huonyesha tu kwamba pawa saplai inaamka bila mzigo. Multimita husoma wastani wa volti, kwa hiyo hugundua njia ya volti 12 iliyoshuka hadi 11.2, jambo ambalo ni hukumu ya kutosha, lakini haioni viwimbi. Kifaa cha kuviona ni osiloskopu, ambayo mafundi wachache sana wa mitaani wanayo. Namba zinazoonyeshwa na programu ndani ya kompyuta yenyewe hutokana na vihisi vya mazabodi, na usahihi wake ni wa kutiliwa shaka.

Kipimo cha vitendo kilicho bora kuliko vyote hivyo ni cha kubadilishana: pawa saplai inayoshukiwa hutolewa, nyingine nzima ya modeli ileile huwekwa kwa siku kadhaa, na mwenendo wa mashine hutazamwa chini ya kazi nzito. Dalili zikitoweka, shaka imekwisha. Kwa ofisi yenye kompyuta za aina moja kipimo hiki hakigharimu kitu, na ni ajabu kwamba hufanywa kwa nadra.

Kuhusu kufungua na kubadilisha kapasita, fundi stadi huweza kurudisha uhai wa pawa saplai nzuri kwa gharama ndogo, mradi apate kapasita za nyuzi 105 zisizo za kunyofolewa kwenye mabaki. Kazi hiyo si ya mwenye mashine. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa hufikia takriban volti 325 katika kapasita kubwa, na katika miundo ya kisasa hukaribia 400, na chaji hiyo inaweza kubaki humo na kuua hata baada ya plagi kuchomolewa.

Hoja ya kuokoa umeme

Wauzaji huongeza hoja nyingine, kwamba pawa saplai mpya hujilipa kwa umeme inaookoa. Ufanisi ni sehemu ya umeme wa ukutani inayofika kwenye sakiti bila kupotea kama joto, na nembo ya 80 Plus, iliyoanza mwaka 2004 na sasa ina ngazi hadi Gold, Platinum na Titanium, huonyesha kwamba ufanisi si chini ya asilimia 80 katika viwango vya mzigo vilivyopimwa. Kompyuta inayohitaji wati 100 ndani huvuta wati 143 ukutani ikiwa ufanisi ni asilimia 70, na wati 111 ukiwa asilimia 90. Tofauti ya wati 32 kwa saa 2,400 za mwaka ni uniti 77. Uniti ikihesabiwa kwa shilingi 350 za Tanzania, akiba haifiki shilingi 27,000 kwa mwaka, na pawa saplai ya shilingi 150,000 itachukua zaidi ya miaka mitano kujilipa. Kwa kompyuta ndogo ya ofisi inayohitaji wati 40 tu, itachukua zaidi ya miaka 13. Hoja hii ina maana kwa mashine zisizozimwa na kwa zenye mzigo mkubwa, na kwa nyingine zote ni maneno ya dukani.

Mizani

Misimamo hii mitatu ikiwekwa pamoja, inaonekana kwamba kila mmoja unajibu swali tofauti: wa kwanza unauliza gharama ya leo, wa pili unauliza mpangilio wa kesho, na wa tatu unauliza hali halisi ya kifaa. Swali ambalo yote inaliruka, na ambalo katika soko la ukanda huu lina uzito kuliko mengine, ni la kitakachowekwa badala yake.

Harufu ya kuungua, kapasita iliyovimba, plagi iliyogeuka kahawia, feni iliyokwama, njia ya volti 12 iliyotoka nje ya mipaka, au kompyuta inayojizima chini ya kazi nzito na kupona ikiwekewa pawa saplai nyingine, ni sababu za kubadilisha siku hiyohiyo, na umri hauna nafasi katika uamuzi huo. Vivyo hivyo kwa pawa saplai isiyo na jina iliyonunuliwa pamoja na kasha la bei nafuu: hiyo iondolewe hata kama haina mwaka. Mashine inayofanya kazi usiku na mchana, au inayobeba hesabu za biashara zisizo na nakala mahali pengine, inastahili kubadilishiwa mapema kwa kalenda, kwa kuwa hasara ya kusimama kwake inazidi bei ya kifaa. Na yeyote anayeagiza kutoka Marekani akumbuke kuangalia swichi nyekundu iliyo nyuma ya baadhi ya pawa saplai za zamani, kwa sababu ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa katika soketi ya hapa, mjadala wote huu humalizika kwa mlio mmoja.

Inabaki hali iliyo ya kawaida kuliko zote, ya kompyuta ya mtumba ya ofisi yenye pawa saplai yake ya asili, isiyo na dalili yoyote, inayowashwa mchana na kuzimwa jioni. Kwa mashine hiyo uamuzi unaofaa ni kutoigusa, isipokuwa kupulizwa vumbi na kuzimwa kwenye swichi ya soketi baada ya kazi, na fedha ambazo zingenunua pawa saplai mpya yenye mashaka zitumike kununulia diski ya kuwekea nakala za mafaili, pamoja na pawa saplai ya pili ya modeli ileile iliyotolewa katika kompyuta nyingine ya mtumba, ikajaribiwa, na kuwekwa kabatini.